Fuata Programu Ilivyoandikwa: Mwongozo Kamili wa Vyuma kwa Anayeanza, Kutoka Tanga

Ukizunguka jimu za mtaani hapa Tanga, Ngamiani, Makorora mpaka Mikanjuni, utakuta vijana wenye juhudi ya kweli. Wanafika jioni baada ya kazi, wanatoka jasho, kesho wanarudi. Muulize mmoja wao miezi sita iliyopita alikuwa anachuchumaa na kilo ngapi na leo ni ngapi, hana jibu. Jumatatu alifanya alichokiona kwenye simu, Jumatano alimfuata jirani, Ijumaa akafanya kifua kwa sababu benchi ilikuwa wazi. Nguvu zinatumika, lakini mwili haupewi kitu kimoja cha kuuzoea.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza, mwanamume au mwanamke, aliyeamua kushika programu moja ya vyuma bila kuigusa. Programu ya anayeanza ni fupi, haina madoido, na kila anayeisoma hujiwa na hamu ya kuiongezea kitu. Nataka ujue kila kipande kimewekwa pale kwa sababu gani, ili hamu hiyo ikija uwe na la kuijibu.

PROGRAMU YENYEWE

Siku tatu kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine kuwe na angalau siku moja ya kupumzika. Wengi huchagua Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kama Ijumaa yako ina sala na shughuli za familia, shika Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Ratiba ni mbili, zinapokezana.

Seti ni mzunguko mmoja wa kufanya zoezi bila kupumzika, na "mara 5" ni kulirudia mara tano ndani ya seti hiyo.

Siku A: skwati (kuchuchumaa na chuma mgongoni) seti 3 za mara 5, benchi presi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) seti 3 za mara 5, kuvuta kwa kuinama seti 3 za mara 5.

Siku B: skwati seti 3 za mara 5, presi ya kusimama (kusukuma chuma juu ya kichwa) seti 3 za mara 5, dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) seti 1 ya mara 5.

Wiki ya kwanza ni A, B, A. Ya pili ni B, A, B. Seti zote 3 ni za uzito ule ule. Ukimaliza mara zote 5 katika kila seti, siku inayofuata ya zoezi hilo unaongeza: kilo 2.5 kwenye skwati, benchi, presi na kuvuta, kilo 5 kwenye dedilifti. Usipomaliza, huongezi.

Zipo programu nyingine za namna hii zinazotofautiana kidogo. Kama umeshachagua yako na ina mifupa hii (mazoezi machache makubwa, mara 5, siku tatu, uzito unaopanda kila siku), baki nayo. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu anayefuata na mtu anayeonja.

KWA NINI INAJENGA NGUVU

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Miaka ya 1940 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akitibu askari walioumia miguu. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi. Yeye akawapa uzito mkubwa, marudio machache, akawaongezea kadiri walivyopata nguvu, na mwaka 1945 akachapisha aliyoyaona. Mwili uliobeba mzigo mzito kidogo kuliko wa juzi, ukala, ukalala, hurudi na nguvu kidogo zaidi ya ulizokuwa nazo.

Anayeanza ana bahati ambayo mkongwe hana. Yeye hurudi katika hali yake ndani ya siku mbili au tatu, akiwa tayari kubeba zaidi. Mnyanyuaji wa mashindano hutafuta kilo chache kwa miezi. Wewe unazipata Jumatano. Bahati hiyo hudumu miezi michache tu, kwa hiyo usiitumie kuzunguka.

Jingine la kuelewa ni kwamba wiki za mwanzo nguvu nyingi hazitoki kwenye misuli mipya. Mishipa ya fahamu inajifunza kuiita misuli uliyo nayo tayari, yote kwa pamoja na kwa wakati wake. Hilo hujifunzwa kwa kurudia kitu kile kile. Ndiyo maana skwati ipo kila siku, na ndiyo maana ukibadilisha mazoezi kila wiki unaanza upya kila wiki.

Piga hesabu uone. Ukianza skwati na kilo 40, ukaongeza 2.5 kila siku kwa siku 3 za wiki, siku ya mwisho ya wiki ya 8 utakuwa na kilo 97.5 mgongoni. Si kila mtu atafika hapo bila kukwama njiani, na hilo lina kanuni zake nitakazozieleza. Lakini hata ukikwama kwenye 75, ni nani kati ya wale wanaobadilisha kila wiki amefika 75 kwa miezi miwili?

VYOMBO: HESABU KABLA YA KILO

Programu inayopanda kwa kilo 2.5 inataka ujue chuma chako, ile fimbo ndefu unayoishika, kina kilo ngapi. Hapa ndipo jimu nyingi za mtaani zinapoangukia. Chuma rasmi cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 na urefu wa meta 2.2, cha wanawake ni kilo 15. Kile kilichotengenezwa na fundi kinaweza kuwa na uzito wowote. Shafti ya duara iliyojaa, kipenyo milimita 28, ina karibu kilo 4.8 kwa kila meta, kwa hiyo ya meta 2 haifiki kilo 10. Bomba lenye uwazi ndani ni jepesi zaidi, na uzito ukikua linapinda. Usilitumie.

Pleti, vile vipande vya uzito vinavyovishwa kwenye chuma, nazo zipimwe. Wanunuzi wa chuma chakavu wana mizani na wanapima chuma kutwa nzima. Nenda na kila kipande, kipime, andika namba juu yake kwa rangi ya mafuta. Ukikuta pleti iliyoandikwa 10 ina kilo 8.7, andika 8.7. Gia za mashine na puli za zamani zinafaa kabisa mradi zimepimwa na pande zote mbili za chuma zinalingana.

Kwa wanaomwaga zege: zege lililoshindiliwa vizuri lina karibu kilo 2.4 kwa lita. Kopo la rangi la lita 4 litatoa kilo 9 na nusu hivi, ndoo ya lita 10 kama kilo 24. Mwaga mbili mbili kutoka mchanganyiko mmoja, na bado ukapime.

Sasa pleti ndogo, ambazo karibu hakuna jimu ya mtaani inayo, na bila hizo programu hii haifuatiki. Kuongeza kilo 2.5 maana yake ni kilo 1.25 kila upande. Nondo ya milimita 16 ina kilo 1.58 kwa meta, kwa hiyo kipande cha sentimeta 80 ni kilo 1.25 kamili kwa matumizi yetu. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie vipande viwili vya sentimeta 80, kila kimoja akikate katikati, avifunge pamoja. Ukitaka nusu kilo, sentimeta 32 za nondo hiyo hiyo zinatosha. Funga vipande hivyo kwenye chuma kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, uvute mpaka visicheze. Gharama yake ni ndogo, na vitakuvusha pale ambapo wenzako wote wanakwama kwa kuruka kilo 10 kwa mkupuo.

Unahitaji pia stendi ya skwati yenye mikono ya chuma pembeni, imara, inayoweza kupokea chuma ukishindwa kusimama. Nasisitiza hili kuliko yote. Bila mikono hiyo hutashuka kwa moyo mmoja, na siku utakayoshindwa utaumia. Benchi iwe pana na isitikisike.

Kwenye dedilifti, pleti rasmi zina kipenyo cha sentimeta 45, kwa hiyo chuma hukaa kama sentimeta 22 kutoka sakafuni. Makopo ya zege ni madogo na yatakushusha chini mno, mgongo upinde. Weka mbao nene chini ya kila upande mpaka chuma kifike katikati ya ugoko. Usitumie tofali; linapasuka.

Chumvi ya bahari hula chuma hapa kwetu kuliko bara. Mara moja kwa wiki pitisha brashi ya waya, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo, kisha kausha ili kisiteleze. Viatu viwe na soli ngumu iliyo bapa. Viatu vya kukimbilia vyenye sponji vinayumbisha, na kandambili zisikaribie stendi. Peku ni bora kuliko vyote viwili kama sakafu ni safi.

KABLA HUJAANZA

Mwenye presha ya kupanda, ngiri, selimundu, maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni, au mjamzito, aonane na daktari kwanza. Kubana pumzi chini ya uzito hupandisha presha kwa muda, na kwa mwenye matatizo hayo si jambo la kujaribu peke yake.

SIKU YA KWANZA

Usianze na uzito unaoupenda. Chukua chuma kitupu, fanya mara 5. Ongeza kilo 5 au 10, mara 5. Endelea hivyo mpaka uone chuma kimeanza kupanda polepole kuliko kilivyopanda mwanzo, ingawa umbo lako, yaani namna unavyolifanya zoezi, bado halijavurugika. Simama hapo. Huo ndio uzito wako wa kazi wa kwanza. Fanya seti mbili zilizobaki, nenda zoezi la pili. Kama chuma kitupu chenyewe ni kizito kwenye presi, anza na shafti nyepesi au hata mti wa ufagio, na panda kwa kilo 1. Wanawake wengi huanzia hapo na wanasonga mbele vizuri kabisa. Hofu ya kuvimba misuli kama mwanamume haina msingi. Mwili wa mwanamke hauna homoni za kutosha kufanya hivyo kwa skwati tatu za wiki.

Utarudi nyumbani ukihisi hukufanya kitu, na ndivyo inavyotakiwa. Wepesi wa wiki mbili za mwanzo unakupa nafasi ya kujifunza umbo kabla uzito haujaanza kukudai.

MAZOEZI MATANO

Skwati. Chuma kikae kwenye misuli ya juu ya mgongo, chini ya ule mfupa unaochomoza shingoni. Miguu upana wa mabega, vidole vimetazama nje kidogo. Vuta pumzi ijae tumboni, ibane. Shuka kwa kurudisha makalio nyuma huku magoti yakifuata vidole, mpaka nyonga iwe chini kidogo ya sehemu ya juu ya goti. Panda moja kwa moja, toa pumzi ukiwa umesimama. Kina hicho hakijadiliwi. Mtu anayeshuka nusu na kilo 80 hawezi kulinganishwa na anayeshuka kamili na 60, na daftari la huyo wa kwanza halina maana kwa sababu kila wiki anashuka kidogo zaidi ya nusu au kidogo pungufu. Mpe mwenzako simu akurekodi kwa pembeni, usawa wa nyonga, kisha uangalie mwenyewe.

Benchi presi. Bana mabega nyuma na chini, miguu sakafuni, dole gumba lizunguke chuma. Shusha mpaka kiguse kifua sehemu ya chini ya chuchu, viwiko visitanuke kama msalaba. Usifanye peke yako. Ikibidi, usiweke vibanio vya pleti, ili ukishindwa uweze kuinamisha upande mmoja na pleti zidondoke.

Presi ya kusimama. Chuma mbele ya mabega, mikono nje kidogo ya mabega, bana makalio na tumbo. Sukuma juu kikipita karibu na uso, kikishapita paji peleka kichwa mbele chini yake. Magoti yasisaidie.

Dedilifti. Simama chuma kikiwa juu ya katikati ya unyayo, kama sentimeta 2 au 3 kutoka kwenye ugoko. Shika bila kukisogeza, leta magoko yaguse chuma, inua kifua mpaka mgongo unyooke, vuta pumzi, kisha sukuma sakafu kwa miguu. Chuma kipande kikiwa kimegusa miguu njia nzima. Kila mara kirudi sakafuni, kitulie, ndipo uanze tena. Ni seti moja tu kwa sababu inachosha mwili wote, na tayari umeshafanya skwati. Anayeongeza seti mbili hapa huja kulipa kwenye skwati ya siku inayofuata.

Kuvuta kwa kuinama. Inama mpaka mgongo ukaribie kulala sawa na sakafu, vuta chuma kutoka chini mpaka tumbo la juu, kirudishe chini. Ukianza kusimama ili kukivuta, uzito umekushinda.

KUPASHA MWILI NA KUPUMZIKA

Kwa skwati ya kilo 60: chuma kitupu mara 5, seti mbili, kilo 30 mara 5, kilo 40 mara 3, kilo 50 mara 2, kisha seti zako 3 za 60. Kupasha kusikuchoshe. Ukipanda uzito, panua nafasi kati ya hatua, usiongeze marudio.

Kati ya seti za kazi pumzika dakika 3 mpaka 5, kwa saa. Hili ndilo linalovunjwa zaidi na linaonekana dogo kuliko yote. Nishati ya haraka iliyo ndani ya misuli huisha katika sekunde chache za kazi nzito na huhitaji dakika kadhaa kurudi. Anayerudi baada ya dakika moja hushindwa mara ya 4 ya seti ya tatu, kisha anaamini amefika mwisho wa nguvu zake, wakati alifika mwisho wa pumzi tu. Kama jimu ina chuma kimoja, pokezaneni wawili. Muda wa mwenzako kufanya na kubadilisha pleti ndio muda wako wa kukaa. Wakiwa watatu, bado inawezekana.

DAFTARI

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, zoezi, uzito, na marudio uliyomaliza kila seti: 5, 5, 4. Pembeni weka neno moja kama kuna jambo: usingizi, njaa, zamu ya usiku. Kabla ya kutoka jimu, andika uzito wa siku inayofuata. Hili la mwisho ndilo linalokulinda, kwa sababu uamuzi unafanyika ukiwa na akili tulivu, si kesho kutwa ukiwa umezungukwa na watu wanaokutazama.

VISHAWISHI

Wanaoiacha programu hawaiachi kwa siku moja. Wanaichota kidogo kidogo.

Wa kwanza ni mikono. Kijana anataka mikono ijae shati, anaongeza seti za kukunja mkono, mara nne, mara sita. Benchi, presi na kuvuta tayari vinaifanyia mikono kazi kubwa, na uchovu wa viwiko utauona kwenye presi, zoezi la kwanza kukwama kwa karibu kila mtu. Subiri miezi mitatu. Mikono itakuwa mikubwa kwa sababu utakuwa unabonyeza kilo nyingi.

Wa pili ni Jumamosi ya "hebu tuone". Marafiki wanakusanyika, kila mmoja anapima uzito wake wa juu kabisa. Ukishiriki utapoteza Jumatatu, pengine na Jumatano, kwa ajili ya namba ambayo programu ingekupa yenyewe baada ya wiki tatu, tena kwa mara 5.

Wa tatu ni wepesi. Uzito wa leo umekuwa mwepesi, unaongeza kilo 10 badala ya 2.5. Inaonekana umeokoa siku tatu. Ulichofanya ni kuruka siku tatu za mwili kujengeka, na ukuta uliokuwa uukute wiki ya 9 unaukuta wiki ya 5.

Wa nne ni mpira. Hapa Tanga mtu akiwa hachezi basi yuko uwanja wa Mkwakwani anatazama, na wachezaji wengi huacha skwati wakisema miguu inafanya kazi uwanjani. Kukimbia kunajenga pumzi, hakujengi nguvu ya kusimama na mzigo. Usiache skwati. Panga zoezi lisiwe siku moja kabla ya mechi, na kama unacheza mara tatu kwa wiki, kwa miezi hii punguza iwe moja. Huwezi kuvipa vyote kipaumbele.

Wa tano ndiye mgumu: mtu mwenye mwili mkubwa anayekuja kukuambia kwa upole kwamba programu yako ni ya kitoto. Mara nyingi anasema kweli kuhusu yeye. Yeye ameshapita hapo miaka kadhaa, mwili wake haujengeki tena kwa kilo 2.5 za kila siku, anahitaji mengine. Mshukuru, umheshimu, muombe akutazamie umbo la dedilifti, na urudi kwenye daftari lako.

Nifananishe na dozi ya mseto, dawa ya malaria. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mkupuo, mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Hakuna anayevimeza vyote siku ya kwanza ili apone upesi, wala hachanganyi nusu ya dozi hiyo na nusu ya dawa ya jirani. Kiasi, muda na mpangilio vimefungamana, na programu nayo imefungamana vivyo hivyo: skwati ni mara tatu kwa wiki kwa sababu dedilifti ni seti moja, na dedilifti ni seti moja kwa sababu skwati ni mara tatu. Ukigusa kimoja umegusa vyote, na ukikwama hutajua ni kipi kilichokukwamisha. Hilo ndilo jambo kubwa. Aliyefuata kila kitu akikwama, anajua pa kutazama. Aliyebadilisha vitu sita hana pa kuanzia.

Yapo unayoruhusiwa kubadilisha bila dhambi: saa ya kufanya zoezi, upana wa mkono kulingana na mwili wako, kupanda kwa kilo 1 badala ya 2.5 pale presi inapokuwa ngumu, na kuacha zoezi linalokupa maumivu makali ya kiungo mpaka utibiwe. Misuli kuuma siku ya pili si maumivu ya aina hiyo, na hupungua baada ya wiki mbili.

UKISHINDWA

Siku ya kwanza kushindwa kumaliza mara 5 zote: siku inayofuata ya zoezi hilo, rudia uzito ule ule. Ukishindwa mara tatu mfululizo, punguza asilimia 10 kwa zoezi hilo peke yake na uanze kupanda tena. Kutoka 80 unarudi 72.5, siyo 40.

Kabla hujapunguza, soma daftari. Ulipumzika dakika ngapi? Ulilala? Ulikula? Uliongeza kiasi kilichoandikwa? Majibu hayo manne humaliza sehemu kubwa ya matatizo, na nimeona watu wakivuka uzito waliougombania wiki mbili kwa kukaa tu dakika mbili zaidi kwenye benchi.

Ukikosa siku moja, endelea ulipoishia. Ukikosa wiki nzima, shusha asilimia 10. Wiki mbili au zaidi, asilimia 20. Malaria ikikupata, usiguse chuma ukiwa na homa; ukishamaliza dozi na hamu ya kula ikarudi, anza na asilimia 20 pungufu, na usione haya. Utarudi ulipokuwa ndani ya wiki chache.

CHAKULA NA USINGIZI

Lenga kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wako. Mwenye kilo 65 anahitaji karibu gramu 104. Mji wetu una maziwa na samaki, kwa hiyo hakuna haja ya makopo ya unga ya bei kubwa. Mayai 3 ni gramu 18, nusu lita ya maziwa au mtindi ni 16, gramu 200 za samaki ni kama 40, vikombe kimoja na nusu vya maharage yaliyopikwa ni 22, na gramu 40 za karanga ni 10. Hapo umeshafika 106. Siku samaki hayupo, dagaa wakavu wanakuvusha. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Ugali na wali usivipunguze. Mwembamba asiyeongezeka kilo mwilini hatapanda muda mrefu kwenye chuma. Na anayeshinda akibeba mizigo bandarini au akivuta nyavu ale zaidi ya mwenzake wa ofisini, bila kuona aibu ya sahani ya pili.

Lala saa 7 mpaka 9. Miezi ya kaskazi, joto la Desemba mpaka Machi, usiku hauleti usingizi wala jioni haileti upepo: fanya zoezi asubuhi mapema, kunywa maji kabla hujahisi kiu, na uwe na taulo la kufuta viganja kabla ya kila dedilifti.

Mwezi wa Ramadhani usianzishe programu. Kama umeshaanza, fanya zoezi usiku baada ya futari au baada ya tarawehe, ukiwa umekunywa maji, na shika uzito ulionao bila kuongeza kama usingizi umekatika. Kurudia uzito kwa mwezi mmoja hakukurudishi nyuma. Wiki ya kwanza ya Shawwal endelea kupanda.

PROGRAMU INAPOISHA

Itaisha. Kwa walio wengi ni kati ya miezi 3 na 6, na haiishi kwa mazoezi yote siku moja. Dalili yake ni hii: zoezi lile lile umelipunguza asilimia 10 mara mbili, unakula, unalala, unapumzika vya kutosha, na unakwama pale pale. Hapo zoezi hilo halipandi tena kwa kasi ya kila siku. Kuchoka nayo si dalili, wala kuona video mpya.

Badilisha kitu kimoja tu. Kwa kawaida skwati ndiyo huanza: siku ya katikati ya wiki ishushe mpaka asilimia 80 ya uzito wa siku ya kwanza, seti 3 za mara 5, ili mwili upumue, na siku ya kwanza na ya tatu ziendelee kupanda kwa kilo 2.5. Hilo likikwama pia, panda mara moja kwa wiki, siku ya tatu. Benchi, presi, kuvuta na dedilifti viache kama vilivyoandikwa mpaka kila kimoja kikwame kwa zamu yake.